Kutumia taarifa za afya za tovuti nyingine kihalali: mwongozo kamili kwa wenye tovuti za Kiswahili

Msomaji mmoja aliwahi kuniandikia saa mbili usiku: "Dada, asubuhi kabla sijala kipimo changu kimesoma 11. Kwenye tovuti yenu mmeandika kisukari kinaanzia 126. Basi mimi niko salama, sivyo?"

Hakuwa salama. Ile 126 niliiandika kama nilivyoikuta kwenye tovuti ya hospitali moja ya Marekani, ambako sukari ya damu hupimwa kwa miligramu kwa desilita. Mashine nyingi za huku kwetu husoma milimoli kwa lita. Ukitaka kupeleka kipimo cha kwetu kwenye cha kwao unazidisha kwa 18, kwa hiyo 11 yake ilikuwa kama 198 ya kwao. Mpaka wa kisukari kwa mtu ambaye hajala ni 7.0 kwa kipimo cha kwetu, ambayo ndiyo hiyo 126. Nilimjibu papo hapo kwamba kukicha tu awahi kituo cha afya, kisha nikaufungua ule ukurasa na kuurekebisha usiku uleule.

Miezi michache baadaye ukurasa huohuo uliniletea barua. Wenye makala walikuwa wameilalamikia kampuni inayohifadhi tovuti yangu kwamba nimetafsiri maandishi yao bila ruhusa. Tovuti nzima ilizimwa siku nne. Walikuwa na haki: niliwachukulia mali yao, na zaidi ya hapo niliifikisha kwa wasomaji wangu ikiwa na hatari ambayo kwao haikuwepo.

Ndiyo maana katika mwongozo huu sitaitenga sheria na usalama wa msomaji. Anayechukua taarifa za tiba kutoka kwa mwingine anabeba mizigo miwili kwa pamoja: awe na haki ya kuchukua, na awajibike kwa kila namba aliyoichukua. Hatua ninazozieleza hapa ndizo ninazozifuata hadi leo kwa kila ukurasa mpya.

Hatua ya 1: Tenganisha ukweli na maneno yaliyoubeba

Hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoandikwa, yaani sentensi, mpangilio, michoro na majedwali yaliyobuniwa. Ukweli wenyewe haulindwi. Kwamba mbu jike wa Anopheles ndiye anayeeneza malaria si mali ya mtu. Kwamba maji ya chumvi na sukari ya nyumbani huchanganywa kwa vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi, hilo nalo si mali ya mtu. Unaweza kuliandika leo bila kumwomba yeyote.

Usichoweza kuchukua ni aya nzuri ambayo mwandishi fulani amemweleza mama jinsi ya kumnywesha mtoto mchanganyiko huo, kidogo kidogo kwa kijiko, na nini cha kufanya akitapika. Maelezo hayo yana mwenyewe.

Kwa hiyo njia ya kwanza, tena ndiyo nyepesi kisheria, ni kuandika mwenyewe. Ninasoma vyanzo vitatu au vinne kuhusu jambo moja na kuandika pointi fupifupi kwenye daftari kwa Kiswahili changu. Halafu nafunga kurasa zote, nafanya shughuli nyingine, na ndipo naandika makala kutoka kwenye daftari. Ukiandika huku ukurasa wa mwenzako umefunguliwa pembeni, sentensi zake zitaingia kwenye zako bila wewe kujua.

Kubadilisha neno hapa na pale hakutoshi. Ukichukua makala ya aya kumi, ukaacha aya kumi zilezile kwa mpangilio uleule na mifano ileile, ukageuza tu "maumivu makali" kuwa "maumivu mazito", bado ni makala ya mwenzako. Na ukiipa programu ya akili mnemba ikuandikie upya, hali haibadiliki, kwa sababu programu hiyo imefanya kazi ileile ya kubadilisha maneno kwa niaba yako, na jina lililo juu ya ukurasa ni lako.

Kunukuu kunaruhusiwa. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao Kenya iliingia 1993 na Tanzania 1994, unakubali kunukuu kazi iliyokwisha kutolewa hadharani, mradi iwe kwa kiasi cha haki na chanzo kitajwe. Sheria za nchi zetu zinafuata njia hiyo. Lakini ile imani kwamba maneno chini ya mia tatu ni bure, au kwamba ukichukua asilimia kumi hakuna kosa, haina msingi. Sheria haikuweka idadi. Kinachoangaliwa ni kama nukuu inasaidia hoja yako au imekuja kuchukua nafasi ya maandishi ya mwenyewe.

Hatua ya 2: Elewa kwamba tafsiri nayo ina mwenyewe

Hapa ndipo wengi wetu tunaoandika Kiswahili huanguka. Tunaona makala nzuri ya Kiingereza, tunakesha nayo siku tatu kutafuta Kiswahili cha "kongosho" na "mishipa ya fahamu", na jasho lile linatufanya tuamini kwamba kilichotoka ni chetu. Nilijidanganya hivyo mimi mwenyewe.

Haki ya kutafsiri ni ya mwenye kazi. Mkataba wa Berne unalisema hilo wazi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 pamoja na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 zinaweka tafsiri miongoni mwa mambo ambayo mwenye kazi peke yake ndiye anayeweza kuyaruhusu. Tafsiri yako ikifanywa kwa ruhusa, nayo inapata ulinzi wake, na mtu mwingine hawezi kuichukua bila kukuuliza wewe. Ikifanywa bila ruhusa, imezaliwa na kosa.

Hilo halina maana kwamba msomaji wa Kiswahili akose taarifa. Lina maana kwamba uchague kutafsiri yale ambayo wenyewe wamekwisha kusema: tafsirini. Nayo ni mengi.

Hatua ya 3: Jua milango iliyo wazi, na usome kibao cha kila mlango

Nitakaa hapa muda mrefu kidogo, kwa sababu ndipo utakapopata karibu kila unachohitaji.

Anza na Marekani. Sheria ya hakimiliki ya nchi hiyo, kifungu cha 105, inasema kazi zilizoandaliwa na watumishi wa serikali ya shirikisho wakiwa kazini hazina hakimiliki ndani ya Marekani. Kwa msingi huo sehemu kubwa ya maandishi ya kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, na ya taasisi za taifa za afya, NIH, ni miliki ya umma. Unaruhusiwa kunakili, kutafsiri, kufupisha, hata ukiwa na matangazo ya biashara kwenye ukurasa. Wanachoomba ni utaje chanzo, useme maandishi yanapatikana bure kwao, na usitumie nembo yao wala kujenga picha kwamba wanakuunga mkono.

Mtego uko kwenye maneno "sehemu kubwa". Chukua MedlinePlus, tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Muhtasari wa mada za afya, kurasa za vinasaba na kurasa za vipimo vya maabara ni miliki ya umma. Lakini ndani ya tovuti hiyohiyo kuna ensaiklopidia ya tiba iliyotoka kampuni ya A.D.A.M., na maelezo ya dawa yaliyotoka chama cha wafamasia cha ASHP. Hizo zina wenyewe, na maktaba imezipata kwa leseni. Zimekaa chini ya kichwa kimoja, rangi ni ileile, na asiyeshuka hadi chini ya ukurasa hawezi kuzitofautisha. Shuka hadi chini. Ukiona alama ya hakimiliki na jina la kampuni, weka kiungo tu, usinakili.

MedlinePlus ina pia orodha ya vipeperushi vya Kiswahili. Ni hazina nzuri kwa kusoma na kwa kupata istilahi, ila vingi havikuandikwa na maktaba yenyewe. Vimetengenezwa na mashirika mengine, na kila kimoja kina masharti yake.

Uingereza ina njia nyingine. Huduma yao ya afya, NHS, inatoa maandishi ya tovuti yake chini ya Leseni Huria ya Serikali, toleo la 3.0. Leseni hii inakuruhusu kunakili, kutafsiri, kurekebisha na hata kufanyia biashara, kwa sharti la kutaja chanzo na leseni, na kutojifanya msemaji wao. Nembo haimo, wala picha na video ambazo haki zake ni za watu wengine. Mimi napenda NHS kwa sababu moja zaidi: chini ya kurasa zao za magonjwa huandika tarehe ya mwisho kukaguliwa na tarehe ya ukaguzi unaofuata. Ukijua tarehe hiyo unajua tafsiri yako nayo itachakaa lini. Pia sukari wanaipima kwa milimoli, kama sisi.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linahitaji uangalifu. Tangu mwishoni mwa 2016, miongozo na vitabu vyake vingi hutoka chini ya leseni ya Creative Commons (leseni za kawaida ambazo wenye kazi huzitumia kuruhusu wengine wazitumie), iitwayo CC BY-NC-SA 3.0 IGO. Tuifafanue herufi kwa herufi, maana utakutana nazo kila mahali. BY ni kutaja mwenye kazi. NC ni kwamba isitumike kibiashara. SA ni kwamba utakachotengeneza nawe ukitoe chini ya leseni hiyohiyo au inayolingana nayo. IGO inaonyesha kwamba ni toleo lililoandaliwa kwa mashirika ya kimataifa. Kuna herufi nyingine ambazo hazimo hapa lakini uzijue: ND, yaani usibadilishe, na kutafsiri kunahesabiwa kuwa kubadilisha. Makala yenye ND huwezi kuichapisha kwa Kiswahili bila ruhusa ya pekee, hata kama inagawiwa bure.

Kwa tafsiri, WHO wanataka pia tamko maalumu liwekwe pamoja na chanzo, lenye maana hii: tafsiri hii haikufanywa na Shirika la Afya Duniani, WHO haiwajibiki kwa maudhui wala usahihi wake, toleo la asili la Kiingereza ndilo lenye nguvu. Nembo yao usiiguse. Na usidhani kila ukurasa wa tovuti yao umo ndani ya leseni hiyo. Leseni imeandikwa kwenye kurasa za mwanzo za chapisho lenyewe. Usipoiona pale, omba.

Sasa hiyo NC. Je, tovuti yenye matangazo ya Google ni biashara? Leseni inazungumzia matumizi ambayo lengo lake kuu ni faida au malipo ya fedha. Mwalimu mwenye tovuti inayolipa gharama zake kwa tangazo moja anaweza kujitetea. Mwenye duka la dawa anayetumia maandishi ya WHO kuvuta wateja hawezi. Mimi kwenye kurasa zenye NC sipandi tangazo lolote, na hapo sina cha kujieleza kwa mtu.

Wikipedia, ya Kiswahili na ya lugha nyingine zote, iko chini ya CC BY-SA 4.0. Biashara inaruhusiwa, lakini makala utakayotoa humo lazima uiachie huru kwa leseni hiyohiyo. Hapo ndipo utaona kwa nini huwezi kuchanganya aya ya WHO na aya ya Wikipedia katika makala moja: mmoja anakataza biashara, mwingine anataka iruhusiwe, na zote mbili zinadai makala yako ibebe sharti lake. Kila kimoja kipe ukurasa wake.

Majarida ya utafiti ya PLOS hutoa makala zake kwa CC BY, ambayo ndiyo nyepesi kuliko zote: taja, basi. Mengine mengi yana leseni tofauti kwa kila makala. Makala kupatikana bure kwenye PubMed Central, hifadhi ya mtandaoni ya makala za utafiti wa tiba, hakumaanishi kwamba umeruhusiwa kuichapisha tena. Kusoma bure na kuchapisha ni ruhusa mbili tofauti.

Tovuti kubwa za kibinafsi, kama WebMD au Mayo Clinic, zina hakimiliki kamili. Zisome na uziwekee viungo.

Na serikali zetu? Wengi hudhani kwamba kwa kuwa ni kodi yetu, kila kilichotoka Wizara ya Afya ni cha wote. Utaratibu huo ni wa Marekani. Kenya kazi za serikali zinalindwa kwa hakimiliki, na Tanzania ni maandishi ya sheria na maamuzi rasmi ndiyo yasiyolindwa. Mwongozo wa matibabu au bango la chanjo si sheria. Habari njema ni kwamba ofisi hizi mara nyingi zinafurahi elimu ya afya ikienea, kwa hiyo kinachotakiwa ni kuomba.

Hatua ya 4: Omba kwa maandishi pale mlango ulipofungwa

Barua fupi inatosha, lakini iwe na mambo manne: kitu gani hasa, utakifanyia nini, utakiweka wapi, na utakitumia muda gani. Hii ndiyo ninayoituma kwa taasisi za hapa nyumbani:

> YAH: KUOMBA RUHUSA YA KUTUMIA KIPEPERUSHI CHA ELIMU YA SHINIKIZO LA DAMU
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naendesha tovuti ya elimu ya afya kwa Kiswahili. Naomba ruhusa ya kuweka kwenye tovuti hiyo maandishi ya kipeperushi tajwa, kurasa za 2 hadi 5, bila picha. Maandishi hayatabadilishwa, chanzo kitatajwa juu ya ukurasa, na hakutakuwa na matangazo ya biashara. Naomba ruhusa hii kwa kipindi cha miaka miwili. Iwapo mwenye haki ni taasisi nyingine, naomba kuelekezwa.
>
> Natanguliza shukrani.

Sentensi ile ya kabla ya shukrani ina faida kubwa. Vipeperushi vingi vina nembo tano chini yake, na anayejibu barua huenda si mwenye haki.

Jibu likija, lihifadhi mahali pawili. Lisipokuja, kimya si ruhusa. Kumbusha baada ya wiki mbili, na wakiendelea kunyamaza, rudi hatua ya kwanza uandike mwenyewe.

Kuweka kiungo tu kwenda ukurasa wa mwenzako kwa kawaida hakuhitaji barua. Kinachokatazwa ni kuufungia ukurasa wake wote ndani ya fremu yenye nembo yako, msomaji akadhani ni wako.

Hatua ya 5: Picha zina hesabu yake

Ruhusa ya maandishi si ruhusa ya picha iliyo katikati yake. Chunguza moja moja. CDC wana maktaba ya picha za afya ya jamii, na kila picha ina maelezo yanayosema kama ni miliki ya umma au la. Kwa michoro ya viungo vya mwili natumia mkusanyiko wa Servier Medical Art, ulio chini ya CC BY. Wikimedia Commons, hazina ya picha ya wenye Wikipedia, nayo inafaa, ukisoma leseni ya kila faili.

Picha ya mgonjwa ni jambo jingine kabisa. Mpiga picha anaweza kukuruhusu, lakini yule mama mwenye kidonda mguuni hakukuruhusu. Taarifa za afya ya mtu zimewekewa ulinzi wa pekee katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 na katika sheria ya Kenya ya 2019. Kama uso unatambulika na sina ridhaa yake ya maandishi, siweki. Kuufunika macho mstari mweusi hakutoshi. Ndugu zake watamjua kwa khanga aliyojifunga.

Hatua ya 6: Ihamishe taarifa iishi huku

Sasa una haki ya kutumia. Hapo ndipo kazi niliyoikosea mimi inapoanza. Leseni nyingi zinakuruhusu kurekebisha, na kwa taarifa za tiba kurekebisha ni lazima, mradi useme kwamba umerekebisha.

Pitia vipimo kwanza. Sukari nimekwisha kuieleza: 126 iwe 7.0, na 200 iwe 11.1. Joto la mwili Wamarekani huandika kwa Farenhaiti, na 100.4 yao ni 38 yetu. Uzito wao ni ratili. Uzito wa mtoto ulioandikwa kwa ratili ukisomwa kama kilo, dozi yake inazidi maradufu, kwa sababu kilo moja ni ratili 2.2. Mtoto wa ratili 22 ana kilo 10 tu. Mimi kurasa zangu sikuhizi haziandiki dozi ya mtoto kabisa. Zinamwelekeza mzazi kwa mhudumu aliyempima.

Halafu majina ya dawa. Wamarekani wanaita acetaminophen dawa ambayo sisi tunaijua kama paracetamol. Ukiacha jina la kwao, msomaji atadhani ni dawa ya pili, anaweza kumeza zote mbili, na paracetamol ikizidi inaharibu ini. Albuterol yao ni salbutamol yetu, epinephrine ni adrenalini.

Tatu, muda. Taarifa iliyokuwa sahihi na halali inaweza kuwa hatari leo. Tanzania iliacha klorokwini kuwa tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001 ikaingia SP (sulfadoxine-pyrimethamine), kisha 2006 ikaja dawa mseto. Ukitafsiri ukurasa wa miaka ya tisini, hata kama hauna mwenyewe kabisa, utampa msomaji dawa ambayo vimelea vya huku vimeizoea. Mchanganyiko wa pakiti za ORS, yaani maji ya chumvi na sukari ya kiwandani, nao ulibadilishwa na WHO na UNICEF mwanzoni mwa miaka ya 2000, chumvi ikapunguzwa kutoka gramu 3.5 hadi 2.6 kwa lita. Kanuni ya zamani bado inazunguka mtandaoni. Kwa kila namba, tafuta mwongozo wa sasa wa nchi unayoandikia na ulinganishe. Vikitofautiana, ufuate wa nchi.

Namba za dharura watu husahau. Nimekuta ukurasa wa Kiswahili unaomwambia mtu mwenye dalili za kiharusi apige 911. Tanzania ni 112, Kenya ni 999 au 112. Badilisha kila palipotajwa, na umfikirie msomaji aliye Kigoma na aliye Minnesota, maana Kiswahili kina wenyewe kotekote.

Chakula pia. Shayiri ya kifungua kinywa na mkate wa ngano nzima havimsaidii mtu anayekula ugali wa sembe mara mbili kwa siku. Mweleze ugali wa dona, ukubwa wa tonge, mchicha, maharage, na chai isiyo na sukari. Ila ukibadilisha mifano hiyo, mpe mtaalamu wa lishe apitie, kwa kuwa sasa si maneno ya NHS tena, ni yako.

Mwisho wa hatua hii, mpe mtu mwenye taaluma asome ukurasa wote: daktari, muuguzi, mfamasia. Asome kwa sauti ukiweza kukaa naye. Mfamasia mmoja aliwahi kunisimamisha kwenye "meza kimoja mara tatu" akauliza: mara tatu kwa siku au mara tatu tu? Tukaandika "kimoja kila baada ya saa nane".

Hatua ya 7: Andika chanzo ili kionekane

Kutaja chanzo hakugeuzi kitu cha wizi kuwa halali. Ni sharti juu ya ruhusa, si badala yake. Kuandika "picha kwa hisani ya mtandao" hakumtaji mtu yeyote. Taja jina la kazi, mwenye kazi, ilipo pamoja na kiungo, leseni, na ulichobadilisha. Mstari wangu wa chanzo unasomeka hivi:

> Ukurasa huu umetafsiriwa na kurekebishwa kutoka makala ya NHS kuhusu kisukari aina ya 2, kama ilivyosomwa tarehe 4 Machi 2025, chini ya Leseni Huria ya Serikali ya Uingereza, toleo la 3.0. Tumebadilisha mifano ya vyakula na namba za dharura. NHS haikuandaa tafsiri hii wala kuipitisha.

Nauweka juu, chini ya kichwa cha makala, kwa herufi za kawaida. Msomaji ana haki ya kujua anayemsemesha ni nani. Kanusho la kwamba makala si mbadala wa kumwona daktari nalo liwepo, lakini halikukingi ukiandika dozi ya kuua.

Hatua ya 8: Sheria nyingine za hapa

Tanzania, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020, zilizorekebishwa baadaye, zinataka watoa huduma za maudhui mtandaoni wawe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Angalia kama tovuti yako imo. Kanuni hizo ziligusa pia taarifa za milipuko ya magonjwa ya kuambukiza zinazotolewa bila idhini ya mamlaka husika. Kwa hiyo ukurasa wa CDC kuhusu homa ya Marburg, ulio huru kabisa kwa upande wa hakimiliki, unaweza kukuletea shida nyingine ukiuchapisha kama habari ya mlipuko nchini. Matangazo ya dawa yana wasimamizi wake pia: TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, Tanzania, na Bodi ya Famasia na Sumu Kenya. Maswali ya hakimiliki yapeleke kwenye ofisi za hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar, KECOBO kwa Kenya.

Hatua ya 9: Weka daftari, na ujue la kufanya barua ikija

Jedwali moja la kompyuta linatosha. Kila ukurasa uwe na mstari wake: chanzo, kiungo, leseni, tarehe uliyosoma, nakala ya ukurasa wa leseni siku ile, jina la mtaalamu aliyepitia, na tarehe ya kukagua tena. Ile nakala ya leseni usiipuuze, kwa sababu tovuti hubadilisha masharti na utahitaji kuonyesha yalivyokuwa ulipochukua.

Barua ya malalamiko ikija, usibishane kwanza. Uondoe ukurasa hewani siku hiyohiyo, kisha ufungue daftari. Kama una leseni, jibu kwa upole, ambatanisha nakala, na uombe ukurasa urudishwe. Kenya iliweka utaratibu wa notisi za kuondoa maudhui kwa marekebisho ya 2019, na Marekani wanao tangu 1998. Kote kuwili mwenye tovuti ana nafasi ya kujibu. Kama ulisahau kutaja chanzo cha kazi yenye Creative Commons 4.0, una siku 30 tangu ulipogundua kosa kulirekebisha, na haki yako ya kutumia inarudi. Kama hukuwa na ruhusa kabisa, kiri, ondoa pia nakala zilizo kwenye kurasa zako za mitandao ya kijamii, na ukidaiwa fedha tafuta wakili kabla hujaandika neno la pili.

Ukurasa ukiondolewa, weka mahali pake mistari miwili ya kumwelekeza msomaji kwenye chanzo halali cha jambo lilelile. Aliyekuja saa mbili usiku na kipimo mkononi asikute ukurasa mtupu.